Uzi: Kutafuta postidoki, kila fani ina mlango wake. Mimi niligonga mlango wa wenzangu mwaka mzima

protini (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Nimesoma humu kimyakimya muda mrefu, leo naandika kwa sababu kila wiki nakuta swali lile lile, mtu kamaliza uzamivu au yuko ukingoni, anauliza nafasi ya postidoki, yaani kazi ya utafiti ya muda baada ya uzamivu, inapatikanaje, na jibu analopewa ni "tuma maombi kwa wingi, mojawapo litajibu". Mimi nilipewa jibu hilo hilo, nikalifuata kwa moyo wote, likanila mwaka mzima. Kwa hiyo naandika kirefu, anayetaka aweke kambi.

Niko bayokemia, nafanya protini za utando wa seli. Nilipokuwa naandika tasnifu rafiki yangu wa karibu alikuwa anamaliza hesabu na yeye mambo yake yalikuwa yamepangika kabisa, kuna tovuti inaitwa MathJobs, unaingia unapakia CV na maelezo ya utafiti wako, wadhamini, yaani wanaokuandikia barua za kukupendekeza, wanapakia barua zao hapo hapo, unachagua vyuo, dedilaini nyingi ni mwezi wa 11 na wa 12, kisha unakaa unasubiri. Nikaamini huo ndo utaratibu wa kila mtu. Nikasubiri msimu ufike. Nikatafuta matangazo ya fani yangu, nikayapata machache, nikaomba yote, kimya. Nilipoona kimya kimezidi ndo nikaanza kuwaandikia maprofesa, imeli zaidi ya 60 ndani ya wiki 3, maneno yale yale nabadilisha jina tu.

Siku moja mwenzangu wa maabara akaniambia hebu nione unachotuma. Akaangalia skrini sekunde chache akanyoosha kidole kwenye mstari wa kwanza. Jina la profesa lilikuwa kwenye fonti nyingine, kubwa kidogo kuliko maneno yanayofuata, maana nililikopi kutoka kwenye tovuti yake nikalibandika. Yaani kila aliyefungua ile imeli alijua papo hapo kwamba sikumwandikia yeye. Iliniuma sana, kwa sababu baadhi ya wale ni watu niliosoma kazi zao miaka 4 na nilikuwa na mambo ya maana kabisa ya kuwaambia.

Sasa nilichokuja kukielewa. Kwenye bayolojia na kemia za maabara, nafasi inazaliwa na ruzuku ya profesa. Kapata hela ya mradi, ndani ya mradi kuna kazi haina mtu, anatafuta mtu anayeiweza. Mara nyingi tangazo likitoka tayari ana mtu kichwani, au linabandikwa kwenye ukurasa wa chuo ambao hutaufikia kirahisi. Kwa hiyo huku unamfuata mtu mwenyewe na unamfuata mwezi wowote. Hesabu na fizikia ya nadharia unafuata msimu, na maombi yanapitiwa na watu wengi wa idara au kundi zima. Ushauri wa huku ukiupeleka kule unakupoteza, na aliyekupa hana nia mbaya, anakwambia tu kilichomsaidia yeye.

Swali linalofuata ni utajuaje nani ana hela sasa hivi. Hili sikuambiwa na mtu, na ndilo lililobadilisha mambo yangu. Ruzuku nyingi zinazotokana na fedha za umma ziko wazi mtandaoni. Marekani kwa utafiti wa afya kuna NIH RePORTER, Umoja wa Ulaya kuna CORDIS, Ujerumani kuna GEPRIS ya shirika lao la DFG, Uingereza kuna Gateway to Research. Unaandika jina la mtafiti au mada yako, unaona mradi umeanza lini unaisha lini, na muhtasari wa walichoahidi kukifanya. Mradi ulioanza miezi 3 iliyopita una uwezekano mkubwa wa kuajiri. Mradi unaoisha mwakani hauna hela ya kukuweka, hata profesa akikupenda vipi. Ulaya pia fuatilia Baraza la Utafiti la Ulaya, ERC, wanapotangaza washindi, ruzuku zao kubwa ni za miaka 5, na walioshinda kundi la wanaoanza, Starting Grant, wengi wao ndo kwanza wanajenga maabara, hawana watu. Maabara changa ina hatari zake ntazisema, ila profesa wa namna hiyo imeli yake anaisoma mwenyewe.

Baada ya hapo niliandika imeli 9 tu kwa miezi 2. Moja naieleza kwa undani maana ndo iliyonipa kazi.

Nilisoma makala ya kundi fulani, kwenye picha ya 4 nikaona protini yao ikishakolezwa inaanza kushikamana mabonge, na kwenye maelezo ya njia wakawa wametumia sabuni ya DDM kuitoa kwenye utando. Mimi nilipambana na tatizo hilo hilo miezi 7, likaisha nilipohamia sabuni nyingine, LMNG, inashika protini vizuri zaidi hata ikiwa kidogo sana kwenye myeyusho. Nikaandika aya 3. Ya kwanza: nimeona hiki kwenye picha ya 4, nami lilinikuta, nilifanya hivi, matokeo yangu nimeambatisha ukurasa mmoja. Ya pili: namaliza mwezi fulani, ningependa kujua kama mradi wenu huu mpya utahitaji mtu wa kutayarisha protini. Ya tatu: wadhamini wangu ni hawa. Basi. Jibu lilikuja siku ya pili yake, na halikugusa ajira hata kidogo, aliuliza tu nilitumia sabuni asilimia ngapi wakati wa kuosha. Tukaandikiana karibu wiki mbili kuhusu sabuni. Ndo akasema tuongee.

Naishia hapa kwanza, ntarudi na mambo ya intavyuu.

namba_tasa

Mkuu protini asante sana kwa uzi, mimi ni wa hesabu na nakubaliana na wewe ila naongeza kitu ili vijana wa hesabu wasidhani kwao ni kupakia na kulala. Idara inaweza kupata mamia ya maombi kwenye tovuti hiyo, kamati haiwezi kusoma kila maelezo ya utafiti neno kwa neno. Kinachofanya faili lako litolewe kwenye rundo ni mtu mmoja ndani ya idara akisema "huyu namjua anachofanya". Kwa hiyo ukishaomba, mwandikie yule ambaye kazi yake iko jirani na yako, mistari 5, nimeomba kwenu, nadharia yangu ya sura ya 2 inagusa swali lako hili. Usimwombe kazi. Mjulishe tu faili lipo.

Pia kwetu barua ya mdhamini wa ufundishaji inahesabika, vyuo vingi vinataka barua 3 za utafiti na 1 ya ufundishaji, wengi wanaikumbuka dakika za mwisho. Tafuta mtu aje akuone darasani mapema, muhula mmoja kabla.

darubini

Sisi wa falaki tuko na msimu kama hesabu. Matangazo yanajaa kwenye Job Register ya American Astronomical Society, dedilaini zinabanana mwezi wa 10 hadi wa 12. Kuna kitu kizuri watu wa fani nyingi hawana: makubaliano ya siku nyingi kwamba mwombaji asilazimishwe kujibu ofa ya postidoki kabla ya tarehe 15 Februari. Ukipewa ofa mwezi wa 12 ukaambiwa ujibu ndani ya siku 5, unayo haki ya kukumbusha kwa upole, nimeona watu wakikubali kwa hofu halafu wiki mbili baadaye inakuja ile waliyoiota.

Feloshipu za kwetu, yaani ufadhili unaopewa wewe mwenyewe, kama NASA Hubble unaomba kwa wazo lako mwenyewe na unachagua taasisi ya Marekani utakayokaa, mtu wa taifa lolote anaruhusiwa. Ushindani mkali ila hata usipopata, lile andiko la utafiti ulishalisuka, unaliombea kwingine.

Wa fizikia ya nadharia ya chembe na nyuzi angalieni tovuti za INSPIRE na AcademicJobsOnline, utaratibu karibu sawa.

mbegu

Jamani hii mada ni yangu kabisa. Niko ikolojia, natarajia kutetea tasnifu miezi 8 ijayo. Maswali mawili. Kwanza sisi mlango wetu upi, maana sioni msimu na maabara yenyewe ni porini. Pili msimamizi wangu ni mtu mzuri ila barua za udhamini ananicheleweshea, kuna nafasi moja nimeshaikosa barua ilifika siku 4 baada ya dedilaini na sikujua mpaka nilipouliza.

protini

Dada mbegu pole sana kwa hiyo, inauma kupotea kwa kosa ambalo si lako.

Ikolojia: jiunge na orodha ya barua pepe ya Ecolog-L, ni ya chama cha wanaikolojia cha Marekani ila matangazo yanatoka sehemu nyingi, na kama unagusa mageuzi ya viumbe kuna EvolDir. Kwenu matangazo ya wazi yanafanya kazi kuliko kwetu, ila kumfuata mtu pia kunakubalika, kwa hiyo uko katikati, fanya yote mawili.

Barua: usimwambie tu "naomba barua". Mwandalie ukurasa mmoja, juu dedilaini kwa herufi nzito, chini yake kiungo cha kupakia, chini yake mambo 3 unayotaka ayasemee na mfano wa kila moja, mfano ulivyorekebisha modeli yake ya idadi ya wanyama mwaka wa pili, yeye keshasahau lakini wewe unakumbuka. Mpe wiki 4, mkumbushe ikibaki wiki 1 na ikibaki siku 2. Na tafuta mdhamini wa 4 wa akiba ambaye si msimamizi, mjumbe wa jopo lako au mwandishi mwenza. Mfumo ukionyesha barua haijaingia siku moja kabla, unamwongeza wa akiba. Kumkumbusha si kukosa adabu mbegu, hata wao wanategemea kukumbushwa.

dada_kemia

Naomba niongezee upande wa kuja na hela yako mwenyewe, maana mjadala umeegemea sana kwenye ruzuku ya profesa. Profesa anayekukubali akiwa hana hela bado anaweza kuwa mwenyeji wako ukaomba feloshipu. Ulaya ile kubwa ni ya Marie Skłodowska-Curie, dedilaini kwa kawaida mwezi wa 9, majibu karibu mwezi wa 2 mwaka unaofuata. Ujerumani kuna ya wakfu wa Humboldt, hiyo unaomba wakati wowote wa mwaka. Japani kuna ya JSPS, shirika lao la kukuza sayansi. Wa sayansi ya uhai wana za mashirika ya EMBO, la Ulaya, na HFSP, la kimataifa, na HFSP wana tawi maalumu kwa waliosomea fizikia, kemia, hesabu au uhandisi wanaotaka kuhamia kwenye baiolojia, wengi hawalijui kabisa.

Sasa sikilizeni kilichonikuta. Hiyo ya Marie Curie ina sharti la kuhama: usiwe umeishi au kufanya shughuli yako kuu kwenye nchi ya mwenyeji zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya dedilaini. Mimi nilikuwa nimekaa kwa profesa wangu kama mgeni wa maabara miezi 14. Tuliandika ombi pamoja wiki 10, kurasa tumezisahihisha mara nisizozihesabu, na tulipobakiza siku 6 ndo nikasoma lile sharti vizuri na kupiga hesabu kwenye mihuri ya pasipoti. Nilikaa sakafuni pale ofisini nikalia. Hakuna aliyeniuliza mapema, si yeye si ofisi ya ruzuku ya chuo. Mwaka uliofuata niliomba kwa mwenyeji wa nchi nyingine nikapata, lakini mwaka ulikwenda. Soma masharti ya sifa kabla hujaandika hata kichwa cha habari, na soma mwongozo wa mwaka husika, yanabadilika.

kodi_safi

Wa sayansi ya kompyuta kwa ufupi: kwetu makala za makongamano ndo zenye uzito kuliko majarida, na mtu atafungua GitHub yako, tovuti unakoweka programu zako, kabla ya CV. Hakikisha programu ya makala yako inaweza kuendeshwa na mtu mwingine bila kukupigia simu. Basi hayo tu.

protini

dada_kemia asante, hiyo ya miezi 14 imenisikitisha na najua itamwokoa mtu humu.

Naendelea na intavyuu kama nilivyoahidi. Kwetu mara nyingi inaanza na maongezi ya Zoom nusu saa, ikienda vizuri unaalikwa kutoa mada kama dakika 45 mbele ya maabara nzima, kisha unaongea na kila mwanamaabara mmoja mmoja. Watu wanajiandaa mada wanasahau hayo maongezi ya mmoja mmoja, na hapo ndo kuna ukweli wote. Mimi niliwauliza wote swali moja: jaribio likifeli miezi 3 mfululizo hapa huwa inakuwaje? Sehemu moja watu watatu walisita kabla ya kujibu, mmoja akaangalia mlango. Sikwenda pale, na jina la chuo lilikuwa kubwa.

Kwa profesa mwenyewe uliza bila aibu: mshahara unatoka ruzuku ipi na inaisha lini, mkataba ni wa muda gani na kuongezwa kunategemea nini, nikiondoka naondoka na sehemu gani ya mradi. Hilo la mwisho ndo zito kuliko yote. Postidoki lengo lake ni uje kusimama mwenyewe, ukitoka pale mradi wote ukabaki kwa profesa, utaanzisha maabara yako na nini? Mzuri atakwambia wazi "hiki chako, hiki changu". Anayechekacheka akasema tutaona, mwombe aandike kwenye imeli.

Tena tafuta walioondoka. Tovuti ya maabara huwa na orodha ya wanamaabara wa zamani, linganisha na majina kwenye makala za miaka ya nyuma. Ukiona mtu yuko kwenye makala lakini kwenye orodha hayupo, huyo ndo wa kumwandikia kwanza. Na kwa maabara changa, hatari niliyosema ni hii: profesa naye ana saa yake ya kupata ajira ya kudumu inagonga, kwa hiyo presha yake inakushukia wewe. Lakini utafundishwa naye kwa mikono yake, kwenye maabara ya watu 30 unaweza kumwona bosi mara moja kwa mwezi. Mimi nilichagua changa na sijuti, ila niliingia macho wazi.

Viza msiiache mwisho. Anayekwenda Marekani kwa viza ya J-1 ya mtafiti ajue ukomo ni miaka 5, na wapo wanaofungwa na sharti la kurudi nyumbani miaka 2 kabla ya kuomba aina fulani za viza au ukaazi, uliza mapema kama linakuhusu. Ujerumani nako sheria ya mikataba ya muda kwa wanasayansi ina ukomo wa jumla wa miaka 6 baada ya uzamivu, na huo muda unahesabiwa.

Na yeyote anayekudai hela ili "afanyie kazi ombi lako la postidoki", kimbia.

mbegu

Nimesoma yote mara mbili. Nimemwona mtafiti mmoja ana mradi umeanza mwezi wa 4, anahesabu popo kwa vinasa sauti. Nimeandika mwanzo hivi, naomba mnisahihishe: "Profesa mheshimiwa, mimi ni mwanafunzi wa uzamivu mwenye bidii na shauku kubwa ya ikolojia, nimevutiwa sana na kazi zako bora na ningependa kujiunga na kundi lako."

protini

Mbegu, hapo hakuna kitu kinachokuhusu wewe wala yeye, mtu yeyote anaweza kuituma kwa yeyote. Niambie kitu kimoja, kwenye tasnifu yako umefanya nini ambacho yeye kwenye huo mradi atakihitaji?

mbegu

Mimi nilifanya vyura kwa vinasa sauti. Shida ilikuwa mvua, usiku wa mvua programu ilikuwa inahesabu matone kama milio, nikatengeneza njia ya kuchuja, nikasikiliza mwenyewe saa 212 za sauti kuhakiki. Yeye kwenye makala yake ya mwisho kasema usiku wa mvua wameutupa wote.

protini

Sasa hiyo ndo imeli yenyewe!! Anza hivi: "Kwenye makala yako ya mwisho mmeondoa rekodi zote za usiku wa mvua. Kwenye kazi yangu ya vyura nilikuwa na tatizo hilo, nikatengeneza njia ya kuchuja sauti ya matone, nimeihakiki kwa kusikiliza saa 212 za rekodi. Naambatisha mchoro mmoja." Halafu unamaliza lini, halafu wadhamini. "Mwenye bidii" toa, saa 212 zimeshasema. Milio ya popo iko kwenye masafa ya juu sana kuliko ya vyura kwa hiyo usimwahidi itafanya kazi moja kwa moja, sema ungependa kuijaribu kwenye rekodi zao. Jina lake liandike kwa mkono, usibandike.

namba_tasa

Na mchoro uwe mmoja kweli, siyo faili la slaidi 40.

mbegu

Wapendwa nimerudi. Nilituma Jumatatu. Leo kajibu, mistari miwili, anauliza kama ile programu ya kuchuja iko wazi na kama naweza kuijaribu kwenye usiku 3 wa rekodi zake, kaweka na kiungo cha kupakua. Kuhusu nafasi hajasema lolote. Nimjibu nini? Natetemeka.

protini

Mjibu leo leo kwamba umepokea na utampa majibu Ijumaa. Halafu zima simu ufungue hizo rekodi, anza na ule usiku wenye mvua kubwa kuliko zote.